Kanisa la Mtakatifu Thomas, Salisbury, na mchoro wake wa Siku ya Hukumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila ndugu na jamaa wanapopanga kwenda Salisbury, kusini mwa Uingereza. Mengine ni ya msingi kabisa, mengine ni ya watu waliokwisha kukaa chini ya mchoro wakaanza kuuhoji. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Kwanza kabisa

Hili ndilo kanisa lenye ule mnara mrefu wa kwenye picha?

Hapana, na wengi wanachanganya. Mnara mrefu ni wa Kanisa Kuu la Salisbury. Unafika mita 123, na hakuna mnara wa kanisa Uingereza nzima unaoupita. Kanisa la Mtakatifu Thomas ni la parokia, dogo zaidi, limebanwa katikati ya maduka hatua chache kutoka uwanja wa soko. Ukiwa mtaani unaweza kulipita bila kujua. Kwa Kiingereza uliza "St Thomas's", kisha ongeza neno "Doom", maana hivyo ndivyo Waingereza wanavyouita mchoro wa Hukumu ya Mwisho.

Salisbury si ndiyo Harare ya zamani?

Harare iliitwa Salisbury hadi mwaka 1982, lakini jina lile halikutoka moja kwa moja kwenye mji huu. Lilitoka kwa Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wakati walowezi walipofika huko mwaka 1890. Huyohuyo, mwaka huohuo, ndiye aliyekuwa madarakani Uingereza ilipopatana na Ujerumani: Wajerumani wakapewa kisiwa cha Heligoland, nao wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Kwa hiyo jina hilo watu wa pwani yetu wana kisa nalo, ila kisa hicho hakihusu kanisa hili.

Mchoro wenyewe ni nini hasa?

Ni picha kubwa iliyochorwa ukutani, juu ya tao linalotenganisha sehemu wanayokaa waumini na upande wa madhabahu. Inaonyesha Kristo akihukumu ulimwengu: wafu wanafufuka, wema wanapelekwa peponi, waovu wanakokotwa motoni. Ilichorwa kati ya miaka ya 1470 na 1500. Kukupa kipimo cha wakati, Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498.

Makanisa mengi ya Uingereza yalikuwa na mchoro wa namna hii mahali hapohapo, juu ya tao. Mingi imepotea kabisa au imebaki madoa. Huu wa Salisbury ni kati ya mikubwa na iliyokamilika zaidi iliyosalia nchini, na ndiyo maana watu wanasafiri kuja kuuona.

Kanisa ni la Wakatoliki au Waanglikana?

Leo ni la Waanglikana. Mchoro ulipowekwa lilikuwa la Wakatoliki, kama makanisa yote ya Uingereza wakati huo, kabla Mfalme Henry wa Nane hajaachana na Roma katika miaka ya 1530. Mambo mengi ya ajabu katika historia ya mchoro huu yanatokana na badiliko hilo. Tazama "Kwa nini ulifichwa?"

Thomas gani? Yule mtume aliyetaka kugusa majeraha?

Siye. Ni Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury aliyeuawa na mashujaa wanne wa mfalme ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1173, na kaburi lake likawa mahali pa hija kubwa.

Mwaka 1220 mifupa yake ilihamishiwa kwenye kaburi jipya la fahari kule Canterbury. Mwaka huohuo mawe ya msingi ya Kanisa Kuu la Salisbury yaliwekwa, na mji mpya ukaanza kupimwa viwanja kulizunguka. Mafundi na vibarua walihitaji mahali pa kusali, wakajengewa kanisa dogo la mbao lililopewa jina la mtakatifu aliyekuwa midomoni mwa kila mtu. Hapo ndipo kanisa hili lilipoanzia. Jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la karne ya 15.

## Kuusoma mchoro

Nianzie kuangalia wapi?

Anzia juu katikati, kwa Kristo. Amekaa juu ya upinde wa mvua, nyuma yake kuna majengo na minara ya Yerusalemu mpya. Malaika wamebeba vifaa vya mateso yake: msalaba, taji la miiba, mkuki. Bikira Maria yuko upande mmoja, Yohana upande wa pili, na chini ya miguu wamepangwa mitume kumi na wawili.

Kisha shuka kushoto kwako, ambako ndiko mkono wa kuume wa Kristo. Pale makaburi yanafunguka na watu wanatoka wakisaidiwa na malaika. Ukimaliza, vuka tao uende kulia. Huko ni motoni. Mpangilio huo unafuata Mathayo 25, kondoo kuume na mbuzi kushoto, kwa hiyo usijipime kwa mkono wako. Jiweke mahali pa yule aliyeketi juu.

Chini kabisa, kila upande wa tao, kuna mtu mmoja amesimama peke yake. Wa kushoto amevaa kihujaji na kwa kawaida hutajwa kuwa Mtakatifu Yakobo, msimamizi wa mahujaji. Wa kulia ni Osmund, askofu wa zamani wa jimbo hili, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1457. Wakati mchoro unachorwa, utakatifu wake ulikuwa habari mpya mjini, na watu wa Salisbury walikuwa wameungojea kwa muda mrefu.

Kwa nini waliofufuka wako uchi, lakini wengine wamevaa kofia?

Uchi ni kwa sababu kaburini hakuna anayeondoka na mali yake. Kofia ni kwa ajili yetu watazamaji. Mchoraji amemvua mfalme kila kitu akamwachia taji, amemvua askofu akamwachia kofia yake ndefu, ili usije ukasema hukuwatambua. Ni ujanja mzuri sana. Mavazi yangewafanya waheshimiwe, lakini kofia peke yake juu ya mwili mtupu inawafanya wachekeshe, na nadhani mchoraji alijua hivyo.

Yule mwanamke mwenye jagi mkononi amefanya kosa gani?

Ni muuza pombe, na kosa lake ni kupunja. Katika Uingereza ya zama zile, kutengeneza na kuuza pombe ya shayiri ilikuwa kazi ya wanawake wengi majumbani, na vipimo vilisimamiwa na sheria. Aliyejaza povu, au aliyetumia chombo kilichopungua kipimo, alitozwa faini. Mama pima wa kwetu angemwelewa mara moja, maana hata yeye jina lake limebeba kipimo.

Huyu mama haonekani hapa tu. Anajitokeza motoni katika michoro mingine ya Hukumu nchini humo, mara nyingi akiwa amekumbatiwa na shetani. Kuna watu wanamcheka, kuna wanaoona kwamba wanaume waliochora na kulipa walikuwa wepesi kumtupia mwanamke dhambi ya soko zima. Mimi niko karibu na hao wa pili, lakini angalia vizuri: hayuko peke yake. Karibu naye kuna bahili na mifuko yake ya fedha.

Ni kweli kuna askofu motoni? Kanisa liliruhusuje?

Ni kweli, na wafalme wamo. Haikuwa uasi. Mafundisho ya wakati ule yalisema wazi kwamba cheo hakimwokoi mtu, na michoro ya Hukumu kote Ulaya iliweka vigogo upande wa moto.

Lakini hapa Salisbury jambo hili lilikuwa na makali ya ziada. Askofu ndiye aliyekuwa bwana wa mji. Ardhi ilikuwa yake, na wafanyabiashara walivutana naye mara kwa mara juu ya kodi na mamlaka. Mfanyabiashara aliyekaa hapa Jumapili akainua macho akaona kofia ya askofu ikielekea kwenye kinywa cha joka, sidhani kama alisikitika sana. Kisha macho yakasogea kwa bahili mwenye mifuko, na hapo labda aliinamisha kichwa.

Lile joka ni nini, na maandishi yale yanasema nini?

Kinywa cha joka ni mlango wa kuzimu. Wachoraji wa Uingereza walipenda kuuonyesha kama kinywa cha mnyama mkubwa anayemeza watu wakiwa wazima. Maandishi yako kwa Kilatini. Yale yaliyo upande wa moto, *Nulla est redemptio*, maana yake ni kwamba hakuna kukombolewa tena.

Si ndiyo ulikuwa wa kutishia watu wasiojua kusoma?

Hivyo ndivyo tunavyoambiwa kila mahali, na si uongo, ila ni nusu ya habari. Hili lilikuwa kanisa la wenye fedha wa mji: wauza sufu na vitambaa, watu waliotunza daftari za hesabu na kusaini mikataba. Wengi wao walijua kusoma. Na dhambi zilizochorwa upande wa kulia, kupunja kipimo na kulimbikiza fedha, si dhambi za maskini.

Ndiyo maana ninauona kama picha ambayo wafanyabiashara walijichorea wenyewe. Ukisimama chini yake na kukumbuka kwamba soko lilikuwa, na bado liko, karibu na mlango, mchoro unabadilika. Si vitisho vya padri kwa mkulima. Ni wanunuzi na wauzaji wakikumbushana wakiwa wameketi pamoja, kila mmoja akijua kipimo cha mwenzake.

## Fedha, chokaa na burashi

Nani aliuchora?

Jina halikubaki. Wachoraji wa namna hiyo walikuwa mafundi, kama waashi na maseremala, wala hawakuweka sahihi. Kuna masimulizi ya zamani kwamba mchoro ni shukrani ya mtu aliyerudi salama kutoka hija. Yule mwenye mavazi ya kihujaji pale chini ndiye anayeyalisha masimulizi hayo.

Na fedha zilitoka wapi?

Sufu. Salisbury ilitajirika kwa kufuma na kuuza vitambaa, na fedha hiyo ndiyo iliyolijenga upya kanisa baada ya upande wa madhabahu kuanguka mnamo 1447.

Mtu wa kumkumbuka hapa ni William Swayne, mfanyabiashara aliyewahi kuwa meya, aliyegharimia kikanisa cha upande wa kusini. Mpinzani wake alikuwa John Halle, naye tajiri wa sufu, naye meya. Mwaka 1465 askofu alimpa Swayne kiwanja kando ya makaburi ya kanisa hili ajenge nyumba ya padri wa kumwombea. Halle akasema kiwanja ni cha mji, askofu hana haki ya kukigawa. Ugomvi ukapanda hadi kwa Mfalme Edward wa Nne, na Halle, ambaye hakuchunga ulimi wake mbele ya wakubwa, akatiwa ndani. Ukumbi wa nyumba yake ungalipo mtaa wa New Canal. Karne ya 20 uligeuzwa kuwa njia ya kuingilia sinema.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu watu hawa ndio waliokaa chini ya mchoro. Kugombania kiwanja cha kanisa hakukuwaondoa kanisani.

Kwa nini ulifichwa?

Baada ya Uingereza kuachana na Roma, picha na sanamu makanisani zilihesabiwa kuwa ushirikina. Mwaka 1538 Henry wa Nane aliamuru Becket asiitwe tena mtakatifu na picha zake ziondolewe. Kaburi lake kule Canterbury likabomolewa. Mwanawe Edward alipotawala, amri zikawa kali zaidi. Mchoro wa Salisbury ulidumu kuliko unavyodhani, lakini mwaka 1593, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ukapakwa chokaa. Mahali pake ikawekwa nembo ya kifalme. Nembo hiyo ya Elizabeth ilihamishwa, lakini ingali ndani ya kanisa. Itafute. Ukitaka kuelewa karne ya 16 ya Uingereza bila kusoma kitabu, tazama vitu viwili vilivyowahi kugombania ukuta mmoja.

Kwa nini wapake chokaa tu, wasiukwangue?

Chokaa ni rahisi, ni ya haraka, na wazee wa kanisa walikuwa wanahesabu senti. Pia wengi walitii amri shingo upande, na kilichofichwa kinaweza kurudi upepo ukigeuka.

Matokeo yake yana pande mbili. Chokaa ilikinga rangi dhidi ya mwanga, moshi wa mishumaa na mikono ya watu kwa karibu miaka 300. Lakini inashikana na rangi iliyo chini, hivyo kuibandua ni kubandua na sehemu ya picha. Wachoraji wa Uingereza kwa kawaida walipaka rangi juu ya lipu iliyokwisha kukauka, si juu ya lipu mbichi kama Waitalia. Rangi ya namna hiyo haikuingia ndani ya ukuta. Imekaa juu tu, nayo hutoka kwa urahisi.

Uligunduliwaje?

Mara mbili. Mwaka 1819 sehemu zilionekana chini ya chokaa, zikanakiliwa kwa michoro ya mkono, kisha ukuta ukapakwa chokaa tena. Ndiyo, tena. Mwaka 1881 chokaa iliondolewa moja kwa moja na mchoro ukarudishwa machoni pa watu.

Basi ninachokiona ni cha kale kweli?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote katika ukurasa huu, na vipeperushi vingi hulipita haraka.

Mchoro ulipofunuliwa mwaka 1881 ulikuwa umefifia na kuchubuka. Kazi ya kuurudishia uhai wakapewa Clayton and Bell, karakana ya London iliyojulikana hasa kwa vioo vya rangi vya makanisani. Walifanya ilivyokuwa desturi ya wakati wao: walipaka upya, kwa rangi za mafuta, wakifuata mistari waliyoiona na kujaza pale palipokuwa patupu. Kwa hiyo mpangilio, watu na visa ni vya karne ya 15, lakini rangi nyingi inayokukaribisha machoni iliwekwa na mikono ya karne ya 19. Baadhi ya nyuso zina upole ambao binafsi nausoma kuwa wa enzi ya Malkia Victoria.

Je, hilo linaupunguzia thamani? Kwa mtaalamu wa rangi za kale, ndiyo. Kwa mtu aliyekuja kuona mchoro wa Hukumu ulivyotawala kanisa zima, hapana, maana bila mafundi wale tungekuwa na madoa tu. Nilichokikataa ni kuambiwa kwamba ni "halisi" bila maelezo. Tangu wakati huo mchoro umesafishwa katika miaka ya 1950, na tena mwaka 2019 wataalamu wa uhifadhi waliushughulikia. Wataalamu wa leo hawapaki upya. Wanaondoa uchafu, wanashikiza kinachobanduka, na wanaacha pengo libaki pengo.

Kuna mahali ndani ya kanisa nitakapoona kazi isiyoguswa sana?

Nenda kwenye kikanisa cha kusini, kile cha Swayne. Ukutani kuna picha zilizofifia za maisha ya Bikira Maria, zikiwemo Malaika Gabrieli akimpasha habari na Maria akimtembelea Elizabeti. Karibu nazo kuna vyungu vya maua ya yungiyungi, alama ya Maria. Ni ndogo na zimechoka, na wageni wengi hawafiki huko. Baada ya kusoma jibu lililotangulia utaona tofauti mwenyewe: huku mistari inakulazimu uitafute. Ziko karibu na kimo cha mtu, kwa hiyo usiguse. Mafuta na jasho la vidole huharibu rangi hata kama umenawa.

## Safari yenyewe

Nina viza ya Schengen. Inatosha?

Haitoshi. Uingereza haimo katika Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Uingereza yenyewe. Ndugu zetu wenye pasipoti za Oman au za nchi za Umoja wa Ulaya kwa kawaida hawahitaji viza kwa matembezi mafupi, lakini wanatakiwa kuomba idhini ya kielektroniki kabla ya safari. Masharti na ada hubadilika, hivyo soma tovuti ya serikali ya Uingereza, si ujumbe uliosambazwa kwenye WhatsApp.

Nafikaje kutoka London?

Treni zinaondoka stesheni ya Waterloo, na safari ni kama saa moja na nusu. Ukishuka Salisbury, tembea. Shika Fisherton Street hadi uvuke mto Avon, na mnara wa kanisa utauona karibu. Ni mwendo wa dakika kumi hivi, na unalifikia kanisa hili kabla ya Kanisa Kuu.

Kuna kiingilio?

Hakuna tiketi. Kuna mahali pa kutoa sadaka, na jengo la umri huu linakula fedha. Toa kadiri ya uwezo wako.

Siku gani ni nzuri?

Epuka Jumapili asubuhi kama huendi kusali. Jumanne na Jumamosi ni siku za soko. Mji unachangamka, na kwa mchoro huu, uliojaa wauzaji na vipimo, ningechagua siku ya soko bila kusita. Harusi na mazishi hufungia watu nje bila taarifa ndefu, kwa hiyo angalia tovuti ya kanisa asubuhi ya safari.

Mawingu yasikukatishe tamaa. Madirisha ya juu pande zote mbili ni makubwa, na mwanga uliopoa unaufaa mchoro kuliko jua kali linalochora vivuli.

Nikae wapi ili nione vizuri?

Usiende karibu. Ukisimama chini ya tao utaumia shingo na hutaona kitu. Kaa katikati ya ukumbi, au nyuma kidogo ya katikati. Darubini ndogo itakusaidia kuliko kamera. Bila hiyo yule mama mwenye jagi utamkisia tu. Ukichoka, tazama dari: paa la mbao la karne ya 15 limepambwa kwa malaika wa kuchonga. Na ukitoka, nje ya mnara kuna saa yenye wanaume wawili wadogo waliovaa dirii, walioundwa kugonga kengele za robo saa.

Naruhusiwa kupiga picha?

Kwa kawaida watu hupiga kwa matumizi yao wenyewe. Zima mweko: mchoro uko juu mno, mweko utaangaza migongo ya viti tu na kuwasumbua wanaosali. Kwa picha za biashara, omba ruhusa kwanza.

Mzee wangu hawezi kupanda ngazi.

Hahitaji kupanda. Mchoro unaonekana kutoka sakafuni, ukiwa umeketi.

## Mengineyo

Mimi ni Mwislamu. Naweza kuingia?

Unaweza, na huhitaji kumweleza mtu yeyote sababu. Viatu havivuliwi. Hijabu na buibui havina shida. Wanaume wa Kikristo kwa desturi huvua kofia ndani, lakini kofia ya dini haimsumbui mtu.

Jua tu kwamba ndani mmejaa sura za watu na malaika, na kwamba Kristo amechorwa akiwa hakimu. Mambo mengine utayatambua bila kuambiwa, maana ufufuo, hesabu ya matendo na moto si habari ngeni kwako. Utashangaa jinsi kosa la kupunja kipimo lilivyopewa uzito. Anayejua Suratul Mutaffifin hatahitaji maelezo ya mtembezaji.

Watoto wataogopa?

Wadogo sana labda. Kuanzia miaka saba au minane, wengi hupenda mashetani kuliko kitu kingine chochote kanisani. Wape kazi: watafute wafalme, kisha bahili, kisha mwenye jagi.

Nimefika, ibada inaendelea. Nirudi?

Si lazima. Keti nyuma kimya hadi imalizike. Usitembee kuelekea kwenye tao wala usinyanyue simu. Mchoro ulitengenezwa ili uonekane wakati wa ibada, watu wakiimba chini yake, na ukipata nafasi hiyo umepata zaidi ya waliokuta ukumbi mtupu.

Hii si ndiyo Salisbury ya sumu ya mwaka 2018?

Ndiyo. Shambulio la Machi 2018 dhidi ya jasusi wa zamani wa Urusi na binti yake lilitokea katikati ya mji, si mbali na kanisa. Kazi ya kusafisha ilikamilika mwaka 2019. Wanaume wawili walioshtakiwa na Uingereza walijieleza kwenye televisheni kwamba walikuja kuona mnara wa mita 123. Mchoro hawakuutaja.

Nina saa moja tu. Kanisa Kuu au hapa?

Kila mtu atakwambia Kanisa Kuu, ambako pia kuna mojawapo ya nakala nne zilizosalia za Magna Carta ya mwaka 1215, ile hati iliyomwekea mfalme wa Uingereza mipaka. Lakini saa moja haitoshi kule, utakimbia tu. Saa moja hapa inatosha, na inabaki nafasi ya kupita Poultry Cross, kibanda cha mawe kilichokuwa soko la kuku, umbali wa kutupa jiwe. Ukiwa na siku nzima, anza hapa asubuhi, kisha nenda Kanisa Kuu.

Kuna michoro mingine ya namna hii Uingereza?

Ipo. Coventry, ndani ya kanisa la Holy Trinity, kuna mmoja wa miaka ya 1430. Huo uligunduliwa mwaka 1831, ukapakwa vanishi iliyogeuka nyeusi, ukapotea machoni mara ya pili hadi usafi ulipokamilika mwaka 2004. Kule Wenhaston, Suffolk, mchoro uko kwenye mbao. Mwaka 1892 mbao hizo zilitupwa uani kama takataka, mvua ikanyesha usiku, chokaa ikaoshwa na picha zikatokea. Chaldon, Surrey, kuna wa kale zaidi, wa karibu mwaka 1200, wenye ngazi ndefu ambayo roho zinapanda na kuporomoka.

Na Stratford-upon-Avon, katika kikanisa cha chama cha mji, kuna mabaki ya mwingine. Huo ulipakwa chokaa katika miaka ya 1560, wakati mtunza fedha wa mji alipokuwa John Shakespeare, baba yake William. Daftari la mji linaonyesha kazi ya kuharibu picha ililipiwa shilingi mbili.